Jivu la Jiko la Anti

Anti yangu huuza githeri Kayole, na jiko lake halichagui. Makaa yakipanda bei, humo huingia mbao za ujenzi zenye rangi, soli za viatu, vipande vya paipu, hata maganda ya waya za stima. Asubuhi jivu linachotwa na kumwagwa kwa banda la kuku, wajigaragaze humo chawa wafe. Linalobaki linaenda chooni. Kwake hakuna cha kutupwa.

Mimi nilisoma kemia, na hiyo ndiyo shida. Naangalia hilo jivu naona dioksini na binamu zao furani.

Mwaka 1977 watafiti wa Uholanzi walizikuta kwenye jivu jepesi la matanuri ya kuchoma takataka za miji. Moto mkali sana huzivunja. Lakini moshi unapopoa, kati ya nyuzi 450 na 200 hivi, kaboni na klorini huungana upya juu ya chembe za jivu, na shaba ndiyo mshenga wa hiyo ndoa. Ndiyo maana jivu linalonaswa kwenye vichujio vya bomba huwa chafu kuliko lile la chini ya tanuri. Ukisafisha moshi, sumu imehamia tu kwa gunia. Jiko la Anti halina kichujio, na plastiki yake haiwaki vizuri. Inafuka tu pembeni.

Kupima nako si mchezo. Unachukua gramu chache za jivu, unaliosha kwa asidi, kisha unaliweka kwenye chombo cha kioo ambamo tolueni inachemka, inapanda, inapoa na kulidondokea jivu, mzunguko ule ule, saa 16 au zaidi. Kabla ya hapo unatia dioksini zako mwenyewe, zilizoundwa kwa kaboni nzito, kwa kiasi unachokijua. Mwishoni, zile zako zilizopotea njiani zinakuambia ni kiasi gani cha zile za jivu kimepotea pia. Hiyo hila huwa inanifurahisha kila nikiifikiria. Halafu unachuja, unachuja tena, ndipo mashine inatafuta 17 zenye sumu kali kati ya 210, kila moja inapewa uzito kulingana na ubaya wake, na unajumlisha. Jibu linakuja kwa nanogramu: bilioni moja za hizo ndizo gramu moja.

Kipimo kimoja tu kinaweza kula kodi ya Anti ya miezi kadhaa. Si eti hapa Nairobi hakujawahi kupimwa kitu. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya mayai ya kuku wa kienyeji wa karibu na jaa la Dandora: dioksini zilipita kiwango cha Ulaya mara kadhaa. Kuku hudonoa chini, na dioksini hukaa kwenye mafuta, yaani kwenye kiini cha yai.

"Anti, hizo paipu wacha kuchoma."

"Kwani jivu langu limepimwa?"

"La hapa, hapana."

"Haya." Akaendelea kukoroga githeri.

Sikumlaumu. Namba ya mayai ya watu wengine haimwambii mtu lolote kuhusu banda lake. Kwa hivyo nikamtolea ile ya bei rahisi: waya wa shaba uliopashwa moto hadi ukang'aa, ukaguswa kwa plastiki, ukarudishwa kwa moto. Nje, kipande kidogo kama punje, upepo ukiwa mgongoni, maana shaba na klorini motoni ndiyo mapishi yenyewe ya ile sumu. Jerikeni: njano tu. Paipu: kijani, manze, kama taa za matatu. Soli moja kijani, nyingine hapana. Hiyo haipimi dioksini, inaonyesha tu kama klorini iko, na nilimwambia hivyo.

Alirudia mwenyewe mara tatu. Kisha akaanza kutenga.

Soli bado zinaingia jikoni mwisho wa mwezi, naziona. Lakini paipu na maganda ya waya sasa yana gunia lao nyuma ya nyumba, na la pili ni la jivu nililolikwangua kwa banda kabla ya kuweka mchanga. Gari la taka likipita linachukua mengine, hayo mawili linayaacha. Anti ameyafunikia bati, mvua isiyafikie.