Akina Mama wa Chaza katika Nchi ya Gambia

Ndugu msomaji, chukua ramani ya Afrika, utazame upande wa magharibi. Utaiona Gambia, nchi nyembamba kama utepe, imezungukwa na Senegal pande zote ila upande wa bahari. Mto Gambia unaipasua katikati, nao unamwagika baharini penye mji mkuu, Banjul. Kando ya mji huo ndipo palipo Tanbi, mahali pa vijito, matope na mikoko tele. Aliyezaliwa Rufiji au Lamu hataona ugeni huko.

Tangu zamani kazi ya kuvuna chaza ni ya wanawake, na wengi wao ni Wajola. Maji yakipwa huingia kwa mitumbwi, wakipiga makafi wenyewe, kisha hushuka matopeni na kubandua chaza katika mizizi ya mikoko kwa shoka dogo au kisu. Usidhani ni mchezo: magamba yale hukata mikono vibaya. Nyumbani huwachemsha chaza, huitoa nyama na kuiuza barabarani kwa kipimo cha kikombe. Magamba nayo hayatupwi, huchomwa yakawa chokaa.

Zamani kila mmoja alivuna apendavyo. Wengine kwa haraka walikata hata mizizi yenyewe, na chaza wakazidi kuwa wadogo. Basi mwaka 2007 akina mama wakaanzisha chama kiitwacho TRY. Kikakua hata kikapata wanachama wapatao 500 katika vijiji 15.

Sasa sikiliza shauri walilokata. Walikubali kutovuna tangu Julai hata mwisho wa Februari, yaani miezi 8, ili chaza wapate kukua. Wewe mama unayesoma, ukiambiwa uache kuuza maandazi yako miezi 8, ungejibu nini? Tena nani atajinyima, ikiwa jirani aweza kuingia usiku akachukua vyote? Ndiyo maana mwaka 2012 serikali ilikipa chama haki ya peke yake ya kuvuna chaza na kombe katika Tanbi, na kila kijiji kikawa na vijito vyake vya kuvilinda. Mwaka huohuo chama kilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Kwa maoni yangu haki ile ni kubwa kuliko tuzo.

Na chakula cha watoto je? Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Chama kiliwafundisha kuweka akiba, na kuwakopesha fedha kidogo za kuanzisha biashara nyingine katika miezi ya kungoja. Walipanda pia mikoko mahali palipokuwa wazi.

Ukifika huko Aprili, uliza chaza, utaletewa kikombe kilichojaa. Lakini ukitaka wabichi mwezi wa Oktoba, utaambiwa uende ukarudi Machi.