Treni ya Theluji na Basi la Karura
Desemba hapa Oslo jua linazama saa tisa na robo hivi alasiri. Hata hivyo, saa kumi na moja jioni treni namba 1 ya kwenda Frognerseteren hujaa wazee, wanafunzi na watoto wamekumbatia sleji zao.

Kituo cha Frognerseteren kiko mita 469 juu ya usawa wa bahari. Hatua chache tu kutoka hapo inaanza Korketrekkeren, njia ya sleji ya kilomita 2, yenye taa. Unaketi, unaongoza kwa miguu, unateremka mita 255 kona baada ya kona hadi kituo cha Midtstuen, kisha unapanda treni na kurudi juu kuanza upya. Tiketi ni ileile ya kwendea kazini. Asiye na sleji hukodi kule juu. Wikendi ni vyema kuweka nafasi mapema mtandaoni. Na mwenye watoto wengi na mfuko mwembamba huenda ghala la BUA, ambako skii, sleji na viatu huazimwa bure kama vitabu vya maktaba.

Tena Norwe kuna sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita porini, hata kama ardhi ina mwenyewe.

Kwetu Nairobi, kutoka ni shughuli. Kundi la WhatsApp linaundwa wiki kadhaa kabla, mweka hazina anateuliwa, kisha inatafutwa matatu ya kukodi, mbuzi, sufuria kubwa, na shangazi wa kusimamia pilau. Naipenda mno shughuli hiyo, na huku ughaibuni ndiyo ninayoililia: hapa kila mtu na kipande chake cha mkate na chupa yake ya chai. Lakini ukubwa wake ndio unaofanya tutoke mara chache, na aliyekosa mchango hubaki nyumbani.

Ndiyo maana nauthamini sana msitu wa Karura. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti, wakipinga msitu huo kugawiwa wajenzi. Leo takriban hekta 1,000 ziko wazi katikati ya jiji, zina maporomoko ya maji, mapango na baiskeli za kukodi. Unalipa kiingilio, unatembea saa moja, unarudi kwa shughuli zako. Hakuna kamati, hakuna mbuzi.

Ila familia ya watu sita ya mtaa wa Mathare, kilomita chache tu kutoka hapo, ikishajumlisha nauli na kiingilio cha kila kichwa, huahirisha. Hilo linaniuma, kwa sababu reli, taa na ghala la kuazima vifaa havikuletwa Oslo na theluji. Viliamuliwa na watu wakavilipia. Nairobi ingeanza na basi la Jumamosi kutoka Mathare hadi lango la Kiambu Road, na watoto waingie bure.