Dawa Iuayo Magugu

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mkulima mdogo wa chai katika milima ya Kericho na Bomet humsaka adui wake shambani, naye ni sangari na magugu mengine yasitawiyo kwa mvua nyingi. Ni nadra kumshuku yule mwingine aliyembeba mgongoni, ndani ya bomba la kunyunyizia.

Mchai uliokomaa huyazuia magugu kwa kivuli chake. Mche mchanga, au mchai uliotoka kupogolewa, hauna kivuli hicho, na magugu huunyang'anya maji na rutuba. Hapo ndipo kemikali huingia. Glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup, hufyonzwa na majani na kushuka hadi mizizini. Parakwati nayo huunguza majani inayoyagusa. Faida zake ni dhahiri: kazi ya siku kadhaa humalizika kwa saa chache, jembe halikati mizizi ya chai iliyo karibu na uso wa ardhi, wala udongo wa mteremkoni haulegezwi ukachukuliwa na mvua.

Hata hivyo, hasara zipo. Funda moja tu la parakwati laweza kuua kwa kuharibu mapafu na figo, na hakuna dawa ya kuizimua sumu hiyo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Kuhusu glaifoseti, wataalamu wanahitilafiana. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliitaja kuwa huenda husababisha saratani kwa binadamu. Ilhali mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiongezea kibali cha miaka 10. Sri Lanka, nchi ya chai kama Kericho, iliipiga marufuku mwaka 2015, kisha ikailegezea sekta ya chai mwaka 2018.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, mkulima huziita kemikali hizi kwa neno moja: dawa. Neno hilo humkumbusha zahanati na kupona. Ndiyo maana mtu hunyunyiza bila glavu wala kifuniko cha uso, humimina kiasi kidogo katika chupa ya soda ili amgawie jirani, na mtungi ukiisha huusuuza akautia maziwa. Mtoto aionaye chupa ya soda huona soda.

Apewaye sumu kwa jina la dawa amenyimwa onyo la kwanza. Wasomi wa Kiswahili wanalo neno kiuagugu, lakini neno hilo limebaki vitabuni, halijafika dukani Litein wala Sotik. Ni wajibu wao, pamoja na maafisa wa kilimo na wenye maduka, kulifikisha huko, na kuiita sumu kwa jina lake. Tahadhari kabla ya athari.