Daraja Juu ya Nchi Kavu

Sisi tuliokulia Hulugho, upande wa kusini-mashariki wa Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, neno "daraja" tulilijua kwa masikio kabla ya kulijua kwa macho. Nchi yetu ni tambarare, yenye vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Katika miezi ya kiangazi, ambayo sisi twaiita Jilaal, mchungaji huenda mwendo mrefu na ng'ombe wake kutafuta kisima, na punda hurudi jioni na mitungi mgongoni. Kwetu maji ni kitu cha kufuatwa, si kitu cha kuvukwa. Basi usistaajabu, msomaji, nikikuambia kwamba katika safari zangu zote za ng'ambo hakuna kitu kilichonifunza kama daraja moja la mbao, tena nililiona wakati ambapo sehemu yake kubwa haikuwa na maji chini yake.

Daraja hilo liko katika nchi ya Myanmar, ambayo zamani iliitwa Burma. Jina hilo si geni katika Afrika Mashariki. Askari wetu wengi walipigana huko katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifika mto Chindwin mwaka 1944. Mimi sikwenda kwa vita. Nilikwenda kutembea na kuona, mwezi wa Machi mwaka 2017. Nilifika mji wa Mandalay, kisha nikaelekea kusini mwendo wa kilometa 11 hivi, hata nikafika Amarapura, mji ambao zamani ulikuwa makao ya wafalme. Hapo pana ziwa liitwalo Taungthaman, na juu yake daraja la waendao kwa miguu, liitwalo U Bein.

Yafaa kwanza ujue asili yake. Mwaka 1839 tetemeko kubwa la ardhi liliuharibu mji wa Inwa, uliokuwa na jumba la kifalme, na baada ya miaka michache ufalme ukahamia Amarapura. Huko nyuma zikabaki nguzo na mbao za jumba lile. Ofisa mmoja wa mji, jina lake U Bein, hakutaka mbao zile ziachwe bure. Baina ya mwaka 1849 na 1851 zikatumiwa kujenga daraja lenye urefu wa kilometa 1.2 na nguzo 1,086. Mbao hizo ni za msaji, mti ule ule uliopendwa na waundaji wa majahazi ya Bahari ya Hindi, kwa sababu una mafuta ndani yake, na kwa hiyo mchwa hauli upesi wala maji hayauozeshi upesi. Hivyo mbao zilizomfunika mfalme mmoja zikawa njia ya miguu ya watu wote.

Nilipokanyaga ubao wa kwanza nilitazama chini nikitarajia kuona maji. Sikuyaona. Niliona udongo mkavu uliopasuka, kisha mashamba, kisha ng'ombe wakila majani baina ya nguzo. Nilitembea muda mrefu kabla ya kuyafikia maji yenyewe, nayo yalikuwa machache. Watu walinipita wakienda na kurudi: watawa wenye mavazi ya rangi ya zambarau, wanawake wenye vikapu kichwani, vijana wakikokota baiskeli. Ilinijia fikira ambayo labda ingekujia wewe pia: kwa nini watu wenye akili wajenge daraja la zaidi ya kilometa moja juu ya mashamba?

Katikati ya daraja pamejengwa vibanda vya kupumzikia. Katika kimoja alikaa mzee mmoja, na kwa msaada wa kijana aliyekuwa akiniongoza nilimwamkia, nikamwuliza. Mzee hakunijibu kwa maneno mengi. Alinyosha mkono kuonyesha nguzo iliyokuwa karibu, akaniambia nitazame rangi yake. Chini ilikuwa nyeupe kama kijivu, na juu ilikuwa nyeusi. Na mpaka wa rangi hizo mbili ulikuwa juu sana kuliko kimo cha mtu aliyesimama shambani. Akasema, "Maji hufika hapo. Mwezi wa Agosti mashamba hayo yote ni ziwa."

Nilifahamu mara moja, kwa kuwa hata sisi twaijua nchi inayogeuka. Pepo zile zinazovuma kutoka kusini, ambazo watu wa pwani yetu huziita kusi, zikifika pande zile za Asia huleta mvua kubwa. Mito hujaa, nalo ziwa hupanda na kuenea. Mjenzi wa daraja hakupima ziwa la Machi. Alipima ziwa la Agosti. Wakulima walipanda mbegu zao chini ya daraja wala hawakulicheka, maana walijua kwamba baada ya miezi michache hawatakuwa na njia nyingine.

Sasa, msomaji, tuitazame nchi yetu kwa macho hayo. Wageni huja kwetu wakati wa kiangazi wakasema, "Hii ni nchi ya ukame, hapana haja ya daraja hapa." Lakini mvua za Gu na Deyr zikishuka kwa nguvu, barabara za udongo hugeuka matope, malori hukwama siku nyingi, na mgonjwa anayetakiwa kupelekwa hospitali hungoja. Hata mji wa Garissa, wenye daraja imara juu ya mto Tana, haukusalimika. Katika mafuriko ya Novemba 2023 daraja lilisimama, lakini barabara inayolifikia upande wa Madogo ilimezwa na maji. Mafuriko yakarudi mwaka uliofuata, na watu wakalazimika kuvuka kwa boti mahali palipokuwa barabara. Tarehe 28 Aprili 2024 boti moja ilipinduka huko Kona Punda, karibu na Madogo. Shirika la Msalaba Mwekundu liliokoa watu 23, lakini wengine walikufa maji. Hawakuzama mtoni, walizama mahali ambapo miezi michache kabla yake magari yalipita katika vumbi.

Daraja linalotosha mto tu halitoshi mafuriko. Hilo ndilo somo la nguzo zile 1,086, ambazo nyingi husimama bila kazi katika kiangazi. Zaonekana kuwa za bure, kumbe ndizo zinazolifanya daraja kuwa daraja.

Wala kujenga mara moja hakutoshi. Nilipotembea nililiona daraja lile limetiwa viraka: nguzo nyingine za msaji zilikuwa zimeoza na kubadilishwa kwa za saruji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na mti nao una ufa wake.

Baadhi yenu mnaosoma maneno haya mtakuwa wahandisi, na wengine mtakaa katika mabaraza yanayogawa fedha za barabara. Siku moja mtaletewa ramani ya daraja au ya njia katika nchi kavu, na mtu atasema kwamba ni ndefu mno na gharama yake ni kubwa. Msimjibu kwa kutazama dirishani kuona jua. Nendeni mkawaulize wazee wa mahali hapo wawaonyeshe alama ya maji katika miti na katika kuta, kisha anzeni kupima kutoka hapo.