Majina Yaliyokosekana Kabatini

Idara nzima ya michezo ya chuo chetu ilikaa kwenye korido moja, chini ya jukwaa la ukumbi wa mpira wa kikapu. Kocha wa riadha alifundisha fiziolojia asubuhi na kushika saa ya kuhesabia mbio jioni. Kocha wa softiboli ndiye aliyepanga mabasi ya timu zote. Chuo chenyewe kiko Iowa, katikati ya Marekani, kwenye mji ambao ukitoka nje kidogo tu unaingia kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho. Nilifika pale mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikitokea Morogoro, na nilipofika mwaka wa tatu nikapangiwa mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi huku nyumbani, katika ofisi ya habari za michezo.

Vyuo vya namna hiyo viko katika Daraja la Tatu la NCAA, chama kikubwa kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Daraja hilo lilianzishwa mwaka 1973, na sharti lake kubwa ni kwamba chuo hakiruhusiwi kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya michezo. Anayecheza, anacheza kwa kupenda, na ada yake iko palepale. Kamera za televisheni ya taifa haziji. Mwandishi wa gazeti la mji anakuja akipata nafasi. Kwa hiyo mchezo ukiisha na taa zikazimwa, kinachobaki ni kile kilichoandikwa tu, na kuandika ndiyo iliyokuwa kazi yetu.

Tulikaa mezani pembeni ya uwanja, wawili wawili. Mmoja anaita, mwingine anachapa. "Ishirini na tatu, kutoka pembeni, kakosa. Ribaundi, kumi na moja." Mwitaji haruhusiwi kutoa macho uwanjani, mchapaji haruhusiwi kuyatoa kwenye kompyuta. Kila tendo lilikuwa na herufi yake na kila mchezaji namba yake, na baada ya majuma machache vidole vilikuwa vinajua njia vyenyewe. Filimbi ya mwisho ikilia tulichapisha karatasi ya takwimu, nakala kwa kila kocha, kisha tukakimbilia ofisini kuituma kwa faksi magazetini kabla kurasa za michezo hazijafungwa. Hata mchezaji aliyeingia kwa dakika mbili bila kugusa mpira, jina lake lilikuwemo. Msimamizi wangu hakuwa na mzaha juu ya hilo. Alikuwa akisema kwamba huenda hiyo ikawa mara pekee mtoto huyo kuandikwa gazetini maishani mwake, kwa hiyo herufi za jina lake zihakikiwe mara mbili.

Baridi ilipokaza, na timu zikawa mapumzikoni, msimamizi alinikabidhi kazi nyingine: kuhamishia kwenye kompyuta kitabu cha rekodi za chuo. Kabati zilikuwa mbili. Ya wanaume ilikuwa na droo nne zilizojaa hadi kufungika kwa shida: vipande vya magazeti ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, orodha za vikosi, ratiba, picha zenye majina yote nyuma. Ya wanawake ilikuwa na droo moja yenye mafaili, nayo haikufika nusu. Karatasi ya kwanza yenye takwimu kamili za timu ya wanawake ilikuwa ya katikati ya miaka ya 1970. Chuo kilikuwa kimeandikisha wasichana kwa zaidi ya miaka 100.

Nyuma kabisa ya droo ile, chini ya mafaili, palikuwa na bahasha yenye picha chache. Moja ilikuwa ya mwaka 1926. Wasichana wamesimama uwanjani na suruali pana zilizofungwa magotini, soksi nyeusi, mpira wa ngozi mikononi mwa mmoja wao. Nyuma pameandikwa kwa penseli "timu ya mwaka wa tatu", bila jina hata moja. Lakini kilichonishika ni sakafu. Uwanja ulikuwa umekatwa kwa mistari miwili, sehemu tatu sawasawa. Mimi nilicheza netiboli sekondari, nafasi ya ulinzi iitwayo GD, na mistari ile niliijua vizuri, maana nilikuwa nikiitetea.

Asili yake ni moja. James Naismith alibuni mpira wa kikapu mwaka 1891 huko Springfield, Massachusetts. Mwaka uliofuata mwalimu aitwaye Senda Berenson, wa chuo cha wasichana cha Smith kilicho jirani, aliuchukua mchezo ule na kuubadilisha kwa ajili ya wanafunzi wake: akaugawa uwanja sehemu tatu na kumfunga kila mchezaji katika sehemu yake, ili wasichana wasichoke kupita kiasi wala kugombaniana mpira. Mpira wa kikapu wa wanawake ulipovuka bahari kwenda Uingereza ndipo ulipogeuka kuwa netiboli, na Waingereza wakatuletea mashuleni. Kwa hiyo binti wa Morogoro na mabinti wale wa Iowa tulikuwa tumelelewa na mchezo mmoja.

Mtu wa kumuuliza nilikuwa naye mezani. Kitabu rasmi cha matokeo kilishikwa na mama mmoja mtu mzima, mstaafu wa ofisi ya mhasibu, aliyefanya kazi ile kwa kujitolea. Nilipomwonyesha picha, alinieleza mchezo aliocheza yeye sekondari. Iowa walikuwa na mpira wa kikapu wao wa wasichana, wachezaji sita kila upande: watatu wa kufunga, watatu wa kulinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Ukipata mpira, unadunda mara mbili tu, kisha utoe pasi au upige. Mashindano ya jimbo yalianza mwaka 1920, na vijiji vizima vilihamia Des Moines wakati wa fainali. Mwaka 1969 timu ya wanaume ya San Francisco Warriors ilimchagua Denise Long, msichana aliyetoka kwenye mchezo huo huo, katika uteuzi wa wachezaji wapya. Mchezo wa sita kwa sita uliendelea Iowa hadi mwaka 1993.

"Sasa mlipofika chuoni?" nikamuuliza.

"Chuoni palikuwa kimya, binti," akasema. "Tulicheza, lakini hakuna aliyetuandika."

Kimya kile kilikuwa na sababu zake. Tangu miaka ya 1920 viongozi wengi wa elimu ya viungo ya wanawake, wenyewe wakiwa wanawake, waliamini kwamba mashindano makali yangewaharibu wasichana kama walivyoona yanavyoharibu michezo ya wanaume. Badala ya ligi wakaanzisha siku za kucheza pamoja: vyuo vitatu au vinne vinakutana Jumamosi, wachezaji wanachanganywa ili timu moja iwe na wasichana wa kila chuo, wanacheza, wanakunywa chai, wanarudi. Hakuna chuo kilichoshinda, kwa hiyo hakuna matokeo ya kuweka faili.

Mlango ulifunguliwa tarehe 23 Juni 1972, Rais Richard Nixon aliposaini sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo haitaji michezo hata mara moja, lakini michezo ya vyuo ilikuwa ndani ya elimu, nayo ikabidi ibadilike. Wakati huohuo wanawake walikuwa wameshaunda chama chao, AIAW, mwaka 1971, kilichofika kuwa na vyuo karibu 1,000. Mmoja wa marais wake alikuwa Christine Grant, mzaliwa wa Scotland, aliyeongoza michezo ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Iowa kuanzia 1973 hadi 2000. NCAA ilipoanza mashindano yake ya wanawake, AIAW haikuhimili. Ilifungwa mwaka 1982, na rekodi zilizowekwa chini yake zikabaki bila mwenyewe.

Msimamizi alinisikiliza nilipomweleza haya, kisha akaniambia nitumie muda uliobaki kuijaza ile droo. Hapo ndipo nilipojifunza kazi yenyewe. Kikwazo cha kwanza kilikuwa majina. Wanaume waliohitimu mwaka 1965 walikuwa na majina yaleyale kwenye orodha ya wahitimu. Wanawake waliohitimu nao walikuwa wameolewa na wengi kubadili jina la ukoo, na baadhi ya barua za chuo zilikuwa zikiwaita kwa majina ya waume zao. Kumpata mlinzi mmoja wa timu ya 1968 ilibidi nitafute kwanza harusi yake kwenye magazeti ya zamani ya mji, kisha mume, kisha simu.

Walipopokea, wengi walidhani ninaomba mchango. Nikishasema ninachotaka, kunakuwa na kimya kidogo, halafu maneno yanatiririka. Mmoja alikumbuka kwamba walishona wenyewe namba za fulana. Mwingine alieleza jinsi walivyosafiri kwa magari ya walimu na kufanya mazoezi saa tatu usiku, wanaume wakishamaliza na ukumbi. Na kocha mmoja wa zamani, wa miaka ya mwanzo ya 1970, alinipeleka hadi kwenye gereji yake. Kwenye rafu, nyuma ya makopo ya rangi, alikuwa na vitabu vya matokeo vyenye majalada ya kijani. Nilivifungua juu ya boneti ya gari. Kila ukurasa alikuwa ameuchora kwa penseli iliyochongwa vizuri: duara tupu kwa mtupo huru uliokosa, duara lililojazwa kwa uliofunga, herufi P kwa kila kosa. Majina kamili. Tarehe. Hali ya hewa ya safari. Kwa miaka 30 hakuna aliyekuja kuviulizia, naye hakuvitupa.

Nilipoondoka, rekodi za wanawake zilikuwa zimerudi nyuma karibu miaka kumi, na picha ya 1926 ilikuwa na majina matatu. Waliokuja baada yangu wakaendelea. Kompyuta za mezani zikaunganishwa na intaneti, takwimu zikaanza kuonekana duniani kote mchezo ukiwa bado unaendelea, kisha zikaja kamera ndogo za kurusha michezo moja kwa moja. Faksi ikatolewa. Mzazi aliye Nairobi au Kigali sasa anamwona mwanawe akikimbia kilomita nane kwenye matope ya Iowa bila kuomba mtu amsimulie.

Mwaka 2022, sheria ile ilipotimiza miaka 50, chuo kiliwaita wanawake waliocheza kabla yake na kuwapa herufi ya chuo ya kushona kwenye koti, ile ambayo wanamichezo wanaume walikuwa wakipewa siku zote. Niliwatazama kwenye simu nikiwa Morogoro, saa nne usiku. Majina yaliyosomwa yalitoka kwenye kitabu cha rekodi. Baadhi niliyatambua kabla hayajaisha kutamkwa, kwa sababu niliyaandika mwenyewe nikiwa na simu begani.

Miaka miwili baadaye Marekani nzima ilizungumza jambo hilohilo. Caitlin Clark, binti wa West Des Moines, alikuwa akivunja rekodi moja baada ya nyingine akikichezea Chuo Kikuu cha Iowa. Wakati watu wakihesabu pointi zake, wenye kumbukumbu walikumbusha kwamba Lynette Woodard wa Kansas alikuwa na pointi 3,649 za enzi ya AIAW, ambazo NCAA haikuwa ikizihesabu kama rekodi yake. Clark alizipita Februari 2024 na kumaliza na 3,951. Hata hivyo yuko aliye mbele yake: Pearl Moore, aliyefunga jumla ya pointi 4,061 katika miaka ya 1970, karibu zote akiwa Francis Marion, chuo kidogo cha South Carolina. Ukumbi wa Heshima wa Naismith ulimpokea mwaka 2021. Tunaweza kuitaja namba hiyo leo kwa sababu chuo kidogo kilikuwa na mtu mezani aliyeandika kila kikapu.

Hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani, na kila mwaka ninalishika kwa nguvu zaidi. Sheria inaweza kufungua uwanja kwa siku moja. Kumbukumbu haifunguliwi na sheria. Inataka mtu akae chini aandike, na mwingine atunze. Katika shule niliyosoma, vikombe vya netiboli tulivyochukua vipo, vimepangwa ofisini, lakini hakuna karatasi inayosema ni nani waliovichukua. Wenzangu wa kikosi kile wana watoto sasa, na hawana cha kuwaonyesha.

Chuoni ninapofundisha, wanafunzi wanaofanya fildi kwangu wanaanza na daftari la matokeo. Timu ya wasichana na ya wavulana zina daftari la aina moja: tarehe, mpinzani, jina kamili la kila mchezaji na la baba yake, nafasi, magoli yaliyofungwa na yaliyokoswa, jina la mwamuzi, sahihi ya aliyeandika. Nakala moja inakwenda maktaba. Ninawaomba walimu wa michezo wanaopeleka timu UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, wafanye vivyo hivyo kuanzia mchezo ujao, na kwa wasichana kwanza, kwa kuwa ndio waliopotezwa zaidi. Gharama ni daftari, kalamu, na mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa jina.