Ndege wa Igombe na Swali la Mwanafunzi



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, mhariri wa jarida letu aliniomba niandike juu ya kuhifadhi Qur'an. Nimemwomba radhi, na badala yake naleta habari ya ndege. Wazazi watakaodhani ustadh amepotea njia wanivumilie kidogo.

Suratul Mulk nimeifundisha hapa madrasani zaidi ya miaka kumi. Katika aya ya 19 tunaulizwa kama hatuwatazami ndege walioko juu yetu, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja. Aya hiyo nimewasahihisha watoto mara zisizo na idadi. Madda ya harakati sita kwenye neno la mbawa zilizokunjuliwa nimewahesabia kwa vidole. Ndege mwenyewe sikuwahi kumtazama. Niliwajua kunguru, njiwa na kuku, basi.

Oktoba ya mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi matembezi kwenye bwawa la Igombe, kaskazini ya mji wetu wa Tabora. Wenyeji tunalijua bwawa hili kwa maji yake tuliyokunywa miaka mingi. Njiani kijana mmoja akaniuliza kama tutapunguza sala, kwa kuwa sisi sasa ni wasafiri. Nikamwambia umbali huu hautoshi, aswali rakaa zake nne kamili. Gari zima likacheka.

Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Maji yalikuwa yamejivuta na kuacha tope pana kando ya bwawa. Nia yangu ilikuwa nikae kivulini na kitabu, watoto wacheze. Lakini tulifuatana na mzee mmoja, babu wa wanafunzi wetu wawili, bwana nyama mstaafu, naye alikuja na darubini yake shingoni. Akaniambia, "Ustadh, acha kitabu kidogo, njoo uone wageni."

Kwenye tope lile palikuwa na ndege wengi, wa rangi ya tope lenyewe, ndiyo maana sikuwa nimewaona. Wa aina hii watu wa pwani huwaita vitwitwi. Wengine walikuwa na miguu mirefu, wakitembea kwa hadhari kama mtu anayeogopa kuchafua kanzu. Mmoja alikuwa akitikisa mkia bila kupumzika. Na wale wadogo kuliko wote walikuwa wakikimbia huku na huku, wakidonoa tope haraka haraka kama cherehani.

Mzee akasema hao wadogo uzito wao ni kama gramu 25, yaani vijiko viwili vikubwa vya sukari. Huanguliwa kaskazini kabisa mwa dunia, tangu Norway hadi Siberia, ambako wakati wa kiangazi jua halizami na wadudu ni tele. Baridi ikikaribia, ardhi ile huganda, chakula hakuna, nao huja kwetu. Tukapiga hesabu pale pale chini ya mti: ukipiga mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 8,000. Wapo wa jamaa yao wanaopita hapo. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga aliyefungwa chombo cha kumfuatilia aliruka kutoka Alaska hadi kisiwa cha Tasmania, Australia, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua hata mara moja.

Nikaona nafasi ya kusomesha historia. Nikawaambia watoto kwamba mji wetu nao ni wa wasafiri. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali hapa pakiitwa Kazeh, walikuta misafara ya watu wa pwani na ya Wanyamwezi ikipita zamani. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ilikuwa kiasi cha miezi mitatu kwa miguu. Wapagazi walibeba pembe za ndovu mabegani, na wengine waliopita njia ile walikuwa watumwa. Hilo nalo tusiwafiche watoto. Waliokwenda Ujiji walivuka mto Malagarasi kwa mitumbwi. Mzee akaongeza kwamba mabwawa na vinamasi vya huko, Malagarasi na Muyovozi, mwaka 2000 viliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, vikiwa vya kwanza katika Tanzania.

Nikasema pia kwamba kila msafara ulikuwa na kirangozi, yaani kiongozi anayetangulia na kuijua njia.

Hapo mzee akatikisa kichwa. Akampa darubini mwanafunzi aliyekuwa karibu, akamwonesha ndege mmoja mdogo mwenye mistari miwili myeupe mgongoni, imekutana kama herufi V, na manyoya yenye kingo safi. "Huyu ni mtoto wa mwaka huu. Wakubwa hutangulia kuondoka, wadogo hubaki wakinenepa, kisha hufuata wenyewe. Njia hawajaiona. Hawana kirangozi."

Yule mwanafunzi alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ustadh, kwa hiyo wazazi wake walimwacha?"

Wasomaji, mtoto huyu analelewa na bibi yake. Baba yake yuko mbali kikazi na mama yake hayupo naye. Mimi nayajua hayo, nilimwandikisha mwenyewe. Na bado nilimjibu upesi, kama tunavyojibu darasani. Nilimwambia habari ya hadithi ya tawakkul aliyoipokea Tirmidhi, kwamba ndege hutoka asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Hadithi ni ya kweli, na jibu langu halikuwa la swali lake. Akasema, "Ndiyo, Ustadh," akarudisha darubini.

Ni mzee aliyechuchumaa kando yake. Akamwambia kwamba wana wa ndege hawa hujilisha tangu siku ya kuanguliwa, na kwamba wanapofika huku huchanganyika na wakubwa kwenye tope moja. "Yule anaweza kuwa baba yake. Anaweza asiwe. Lakini wote wamefika." Wataalamu wanasema, aliendelea, kwamba huongozwa na jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia, na kwamba uelekeo huzaliwa nao. Mtoto akanigeukia. "Ustadh, ndiyo yale ya Suratu Nnur? Kwamba kila mmoja ameshajua sala yake?" Ni aya ya 41. Sikuwa nimewahi kuiunganisha hivyo.

Kabla ya kupanda gari alitoa manati mfukoni akanipa. Sikuwa nimemwomba.

Novemba mvua zilinyesha, tope likafunikwa. Nilirudi Igombe kwa baiskeli siku ya Ijumaa baada ya sala, nikakuta wachache tu pembeni. Januari baba yake alikuja kumchukua. Bibi alilia sana. Kijana alikuja kuniaga akiwa amevaa viatu vipya, tukasoma pamoja dua ya safari, akaondoka. Manati yake bado iko kwenye droo yangu ya darasani.

Wabillahi tawfiiq.