IT Mbili

Katika zone za afya za nchi yetu, herufi IT zina maana moja tu: infirmier titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo cha afya. Kivu Kusini ina zone 34 za afya, na katika kila moja wamo ma-IT wanaopokea wagonjwa, wanaohesabu dawa na wanaosaini ripoti. Kwa hiyo ofisi moja ya hapa Bukavu, ambayo sitaitaja, ilipowapelekea wauguzi tableti zenye kitufe kilichoandikwa "Andikia IT", wengi walicheka. Mmoja alimpigia simu fundi: "Papa, sasa nijiandikie miye mwenyewe?"

Kitufe kilizichukua herufi zile kwa maana ya Kiingereza: huduma za kompyuta. Nilikuwa katika ofisi hiyo kwa staji ya miezi mitatu, mwanafunzi pekee wa isimu katikati ya watu wa informatiki. Nilikuwa nimepewa kazi ndogo: kutia katika Kiswahili majibu ambayo programu mpya ingewatumia watu yenyewe, bila mkono wa fundi.

Programu yenyewe ni ya kuratibu michakato. Wanaozitengeneza wamekopa jina la kazi hiyo kutoka kwenye muziki, nasi Wakongomani hatuhitaji kuelezwa orkesta ni nini. Kiongozi wa orkesta si lazima apige gitaa wala ngoma; anajua gitaa liingie lini na ngoma inyamaze wapi. Mtu akisahau nenosiri, programu hii haibadilishi kitu kwa mkono wake. Inaiamuru programu ya akaunti ibadilishe, inangoja jibu, inamtumia mtu ujumbe, kisha inaandika kwamba kazi imekwisha. Panapotakiwa uamuzi wa binadamu, inasimama hadi mkubwa aidhinishe. Njia yote huchorwa kwa alama ziitwazo BPMN, ambazo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2011 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2013. Mstatili ni kazi, almasi ni njia panda, na duara lenye saa ndani yake ni kungoja. Aliyewahi kuchora matawi ya sentensi darasani hatapotea humo.

Namna ya kuainisha maombi nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1980 idara moja ya serikali ya Uingereza ilianza kukusanya taratibu za huduma za kompyuta, na mkusanyo huo ukaitwa ITIL. Humo hitilafu hutenganishwa na ombi: hitilafu ni kitu kilichokuwa kikifanya kazi na sasa kimeacha, ombi ni mtu kutaka apewe kitu. Programu ikishajua ni kipi kati ya hivyo viwili, inajua njia ya kufuata. Swali langu lilikuwa moja: nani anayeiambia, na kwa maneno gani?

Kabla yake, aliyekuwa akiambiwa ni Papa Fundi, mzee mwenye daftari la kurasa za miraba. Muuguzi alipiga simu, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto na za barabara, ndipo likaja neno lenyewe: "Ordinateri iko inakatala." Papa Fundi hakuandika kitu bado. Aliuliza: "Inakatala namna gani? Inawaka?" Baada ya maswali matatu au manne alijua kama ni kura imekatika, kama ni rezo haiko, au kama mtu amesahau kode yake.

Kitenzi hicho, kukatala, ndicho kilichonifanya nisome jumbe zote za mwezi wa kwanza. Kwa Kiswahili cha Bukavu mashine ni mtendaji. Inakatala kama mtoto anavyokatala uji. Kitenzi hakisemi ni sehemu gani iliyoharibika, wala hakikusudiwi kusema. Kinafungua mazungumzo, na maana kamili inajengwa na watu wawili kwa zamu. Programu ilitaka maana yote katika zamu ya kwanza.

Na zamu ya kwanza, kwa watu wetu, ni salamu. Muuguzi aliandika: "Jambo Papa, habari ya kazi, jamaa yote ni bazima?" Akatuma. Kisha akaandika shida yake katika ujumbe wa pili. Programu ilifungua tiketi mbili. Ile ya salamu haikupata aina, kwa hiyo ilirudisha orodha ya Kifaransa ili mtu achague. Muuguzi, aliyengoja kusalimiwa, aliona orodha. Tiketi ya pili ilipewa swali: "Tafadhali ambatisha picha ya skrini." Kiswahili hicho ni sahihi, lakini mwenzake mmoja aliuliza kuambatisha ni kufanya nini. Hapa tungesema tu: tuma foto.

Baada ya swali hilo, duara lenye saa lilianza kuhesabu. Saa 48 zikipita bila jibu, tiketi ilifungwa na kuandikwa kuwa imetatuliwa.

Kuna kituo kimoja cha milimani, mbali na lami, ambako rezo haifiki. Muuguzi wake hupanda mlima siku ya soko, mara moja kwa wiki, ili kutuma na kupokea jumbe. Tableti yake ilikatala kutuma hesabu ya dawa. Aliandika siku ya soko, akashuka. Swali lilimfuata, lakini yeye alikuwa amerudi bondeni. Siku ya soko iliyofuata alikuta swali na, chini yake, shukrani kwa kuwa shida yake imekwisha. Mwezi huo dawa za malaria za watoto zilipelekwa kituoni kwa hesabu ya zamani, nazo zikaisha kabla ya mwezi kwisha. Katika ripoti ya ofisi, tiketi ile ilihesabiwa miongoni mwa zilizotatuliwa haraka.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyechora njia ile alikipa kimya maana moja: mtu ameridhika. Katika milima yetu, kimya huweza kuwa ukosefu wa rezo, au kura, au heshima ya mtu asiyetaka kumsumbua mkubwa mara mbili.

Sitaki kuitukana mashine. Papa Fundi mwenyewe aliipenda kwa jambo moja: nenosiri likisahauliwa saa nne za usiku, hakuamshwa tena. Umeme ulipokatika mtaa mzima, jumbe zote ziliunganishwa kuwa jambo moja badala ya kumlilia yeye mmoja mmoja. Kazi inayofanana kila siku inafaa kuachiwa programu.

Mwishoni mwa staji niliomba mambo matatu. Kwanza, programu ingoje dakika chache baada ya ujumbe wa kwanza, ili salamu na shida viingie katika tiketi moja. Pili, saa zikiisha, tiketi isifungwe bali ipelekwe kwa Papa Fundi apige simu. Tatu, maneno ya kutambua shida yatolewe katika daftari lake na katika jumbe zenyewe. Mkubwa wa informatiki alikubali mawili ya kwanza siku hiyohiyo. Alisema ni kuhamisha mishale tu. La tatu alilikatalia: "Mwanangu, programu inakijua Kiswahili tayari. Imeandikwa hapo."

Ni kweli imeandikwa. Lakini orodha ya ISO ya lugha ina kode swh kwa Kiswahili na swc kwa Kiswahili cha Kongo, chini ya kode moja pana, swa. Aliyejaza kisanduku alichagua kile cha pwani. Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba kuwa lugha za taifa, na inaidai serikali izikuze bila ubaguzi. Sikuona katika mchoro ule alama hata moja ya deni hilo.

Ndiyo maana nawaandikia walimu na wenzangu. Tunapotafuta mada za kazi za mwisho, twende pia kwenye jumbe ambazo watu huandika mashine inapowakatalia. Tuorodheshe vitenzi, tupime zamu, tuandike kimya kina maana ngapi. Daftari la Papa Fundi limefika ukurasa wa mwisho, na amekubali nilinakili.